Kuongeza fildi zako mwenyewe kwenye QuickBooks Desktop: TIN, VRN, njia, gari na loti, hatua kwa hatua

Naandika hii yote sehemu moja maana maswali yanayokuja ni yaleyale. Mtu kapata kazi duka la jumla pale Ngamiani au godauni la Pongwe, bosi kamwambia nataka kwenye invoisi ionekane VRN ya mteja (namba yake ya usajili wa VAT) na namba ya gari lililobeba mzigo, anafungua QuickBooks anazunguka weee haoni pa kuandika, mwishowe anachomeka VRN kwenye anwani chini ya sanduku la posta na namba ya gari anaitupa kwenye Memo. Siku bosi akitaka orodha ya mizigo yote iliyopanda Lushoto mwezi uliopita hakuna wa kuitoa, inabidi invoisi zifunguliwe moja moja. Pa kuandika papo jamani, panaitwa fildi, ila unapatengeneza mwenyewe, na kama umejipanga kabla ya kukaa kwenye kompyuta ni kazi ndogo tu.

Hapa naongelea QuickBooks Desktop, Pro na Premier, ndizo ninazokutana nazo zaidi kwenye maofisi ya hapa Tanga. Wenye Enterprise njia ni ileile ila nyinyi mna fildi nyingi zaidi, nitawagusa kidogo. Wa QuickBooks Online menyu zenu ni nyingine kabisa, na wa Tally huko unahitaji fundi wa kuandika TDL, lugha ya kuibadilisha Tally, kwahiyo msifuate hatua hizi mkaja kusema hamvioni vitufe.

Kwanza elewa fildi ni ya kazi gani

Fildi ya kujitengenezea ni ya kukumbuka na kutafuta. Sio ya kupigia hesabu. Hili ndio jambo kubwa kuliko yote humu na ndilo watu wanaliruka.

Kwenye Pro na Premier chochote utakachoandika kwenye fildi hizi programu inakiona ni maandishi tu. Ukitengeneza fildi ya "Kilo" ukaandika 250, haitajumlisha, haitazidisha na bei, haitakupa jumla chini ya ripoti. Idadi inakaa kwenye Quantity, bei inakaa kwenye Rate, basi. Ukitaka kujua faida ya kila lori au ya kila tawi, la Korogwe limeingiza kiasi gani na la Muheza kiasi gani, hiyo ni kazi ya Class, sehemu ya QuickBooks ya kugawa mapato na matumizi kwa mafungu, usiilazimishe kwenye fildi. Ukitaka tu kugawa wateja makundi, rejareja, jumla, taasisi, tayari kuna Customer Type imekaa pale inasubiri.

Mfano wa mkonge maana huku kwetu ndio unaulizwa sana. Mtu anauza nyuzi, ana daraja la 3L, ana UG, ana SSUG, anataka atengeneze item (bidhaa kwenye orodha) moja aiite Mkonge halafu fildi ya "Daraja" imwambie ni ipi. Usifanye hivyo hata siku moja. Kila daraja lina bei yake na stoku yake, ukichanganya kwenye item moja siku ya kuhesabu marobota godauni yatakuwa na jumla sahihi na mgawanyo usiojulikana, na gharama yako ya wastani itakuwa imechanganya nyuzi ndefu na mabaki. Hizo ni item tatu tofauti. Fildi inaingia kwenye kitu kisichobadili bei wala stoku lakini mnunuzi atakuja kukiulizia: robota hili lilitoka shamba gani, ni loti ipi, yaani fungu lipi la mzigo. Akipiga simu kwamba mzigo una unyevu, unatafuta loti, unajua na yale mengine yaliyokwenda kwa nani.

Kwahiyo kabla ya kutengeneza fildi yoyote jiulize, hiki kitu kinabadili hela? Kama ndio, kina mahali pake pengine. Kama hapana ila utakihitaji baadae, hapo sawa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Paswedi ya Admin, au yuzi aliyepewa ruhusa ya kubadili orodha na templeti (muundo wa invoisi). Kama hauna muombe mwenye nayo akae karibu, sio akutumie paswedi kwa meseji.
- Flash kwa ajili ya bakap. Bakap inayokaa kwenye kompyuta ileile haina maana, kompyuta ikifa vinakufa vyote.
- UPS au laptop yenye chaji. Umeme ukikatika katikati ya kuseva faili la kampuni unaweza ukajikuta na tatizo lingine kubwa kuliko lile ulilokuja nalo.
- Karatasi na kalamu. Ndio, karatasi.
- Orodha ya wateja na TIN (namba ya mlipakodi) na VRN zao kwenye Excel, kama wako wengi.

Karatasi ni kwa sababu nafasi zina kikomo. Upande wa majina, yaani wateja, wasambazaji na wafanyakazi, una fildi 15 kwa ujumla, na kila kundi haliwezi kutumia zaidi ya 7. Upande wa item ni 5 tu. Enterprise ndio imepewa 12 kwa kila kundi la majina na 15 za item, tena unaweza kuseti kwamba fildi hii ni tarehe, hii ni namba, hii ni orodha ya kuchagua. Nyie wa Pro na Premier hamna hiyo, kwahiyo kila nafasi ni mali.

Kwa biashara ya kawaida ya hapa, duka la vifaa au jumla linalopeleka mizigo wilayani, mimi napendekeza hizi:

TIN, kwa wateja na wasambazaji.
VRN, kwa wateja na wasambazaji.
Njia, kwa wateja. Hapa ni Pangani, Muheza, Korogwe, Lushoto, Horohoro na Mjini.
Gari, kwa wateja.
Risiti EFD, yaani namba ya risiti ya mashine ya TRA, kwa wateja.
Loti, kwa item.
Shamba au Chanzo, kwa item, kama unauza mkonge au mazao.

Hiyo ni 5 upande wa wateja, zinabaki 2 za akiba. Usizijaze zote siku ya kwanza, wiki ya pili utakumbuka kitu ulichosahau.

Kwenye hiyo karatasi andika pia *namna ya kuandika* kila kitu. Namba ya gari utaandika T 123 ABC yenye nafasi au T123ABC iliyobanana? Chagua moja ibandike ukutani. Mteja wa Mombo anahesabika njia ya Korogwe au ya Lushoto? Amua leo, maana kama wewe utamwandika Lushoto na mwenzako wa zamu ya mchana atamwandika Korogwe, ripoti haitakuwa na maana yoyote. Hakuna kisanduku cha kuchagulia kwenye Pro, ni vidole vyenu tu, ukichuja "Lushoto" hutampata aliyeandikwa "Lshoto".

Hatua zenyewe

1. Piga bakap. Kama mnatumia zaidi ya kompyuta moja waambie wenzako watoke, halafu File, Switch to Single-user Mode. Kisha File, Back Up Company, Create Local Backup, chagua flash yako, subiri mpaka ikwambie imemaliza. Hakikisha faili lenye mwisho wa QBB lipo kwenye flash kweli, lifungulie folda ulione kwa macho. Usiendelee hatua ya pili bila hii.

2. Fungua sehemu ya fildi za wateja. Nenda Customers, Customer Center, dabo kliki jina la mteja yeyote, linafunguka dirisha la kumhariri. Pembeni kuna vichupo, bonyeza Additional Info, halafu kitufe cha Define Fields. Watu wanashtuka hapa wanasema nimemfungua mteja mmoja sasa itakuwaje kwa wengine. Fildi unayotengeneza hapa inatokea kwa wote, huyo uliyemfungua ni mlango tu.

3. Andika majina ya fildi na uweke tiki. Utaona safu ya Label na pembeni yake Cust, Vend na Empl. Andika VRN, tiki Cust na Vend kwa mstari huohuo mmoja. Usiandike VRN mara mbili, moja ya mteja na moja ya msambazaji, unakula nafasi mbili kwenye zile 15 bure. Andika TIN hivyohivyo. Njia, Gari na Risiti EFD tiki Cust peke yake. Majina yawe mafupi, yatakwenda kukaa juu ya kisanduku kidogo kwenye invoisi, "Namba ya gari lililobeba mzigo" haitaenea, "Gari" inatosha. OK, halafu OK tena kumfunga mteja.

4. Tengeneza za item. Lists, Item List, dabo kliki item mojawapo, tafuta kitufe cha Custom Fields. Mara ya kwanza itakuletea ujumbe kwamba hakuna fildi bado, bonyeza OK, halafu Define Fields. Andika Loti, andika Shamba, weka tiki kwenye Use. Ukisahau ile tiki ya Use jina litakuwepo ila halitatokea popote, nusu ya watu wanaokwama kwenye item wamekwama hapo.

5. Jaza taarifa. Kama wateja wako kumi na kitu, fungua mmoja mmoja ujaze, utamaliza chai haijapoa. Kama wako mia mbili tumia Lists, Add/Edit Multiple List Entries. Juu kwenye List chagua Customers, bonyeza Customize Columns, upande wa kushoto zitakuwepo zile fildi zako, zihamishie kulia zikae karibu na jina. Sasa unaweza kukopi safu nzima ya VRN kutoka Excel ukabandika kwa Ctrl na V.

Hapa nataka uwe makini sana. Ukibandika, programu haiangalii VRN hii ni ya nani, inashusha tu kuanzia mstari uliosimama kwenda chini. Kama Excel yako imepangwa kwa tarehe ya kusajili wateja na QuickBooks imepanga kwa alfabeti, VRN ya mwenye duka la Chumbageni itatua kwa mtu wa Pangani na hakuna ujumbe wowote wa kukwambia umekosea. Njia salama: kopi kwanza safu ya majina kutoka hapo kwenye skrini ubandike Excel, jaza VRN pembeni ya majina hayo kwa mpangilio uleule, ndio urudishe. Ukimaliza kabla ya Save Changes chagua wateja watatu unaowajua, wa juu, wa katikati na wa chini kabisa, linganisha na vyeti vyao. Wa chini akiwa sawa ujue mstari haujahama.

Na Excel yenyewe ina tabia yake. Loti namba 007 inaigeuza 7, loti 3-12 inaigeuza tarehe. Kabla hujaandika chochote chagua hizo safu uziseti ziwe Text, ukiseti baada ya kuandika umeshachelewa, ile sifuri haitarudi.

Kwenye Gari na Risiti EFD acha tupu kwa kila mteja. Hizo mbili zinabadilika kila mzigo, utazijaza kwenye invoisi yenyewe. Ukimwekea mteja namba ya gari pale kwenye taarifa zake, kila invoisi itakuja na gari hilohilo limeshajaa na karani mwenye haraka hatabadilisha, mzigo umebebwa na Fuso la jirani na karatasi inasema lori la kampuni, na njiani kwenye kizuizi karatasi na gari hazifanani.

6. Ziweke kwenye templeti. Kutengeneza fildi hakuifanyi ionekane kwenye invoisi, lazima uiite. Lists, Templates. Usichezee ile unayoitumia kila siku, ichague halafu kitufe cha Templates chini, Duplicate, chagua Invoice, ndio ufanye kazi kwenye nakala. Zile zilizokuja na programu nyingine hazikubali kubadilishwa, zenyewe zitakutaka utengeneze nakala kwanza. Dabo kliki nakala yako, ipe jina la kueleweka, halafu Additional Customization.

Kwenye kichupo cha Header shuka mpaka chini, fildi za wateja ziko huko. Kila moja ina tiki mbili, Screen na Print. Screen maana yake wewe unaiona ukiwa unaandika, Print maana yake inatoka kwenye karatasi. TIN, VRN na Gari tiki zote mbili. Njia tiki Screen tu, mteja haimhusu njia yako. Risiti EFD nayo Screen inatosha.

Na hapa nionye kwa nguvu: kuna ofisi zinaweka fildi za ndani, kama "Mlipaji" wakaandika mzuri au msumbufu. Tiki ya Print ikiwekwa kwa bahati mbaya, mteja anapewa invoisi imeandikwa msumbufu chini ya jina lake. Fildi ya namna hiyo bora isiwepo kabisa kwenye templeti, ikae kwenye taarifa za mteja tu.

Kichupo cha Columns ndio cha item, Loti na Shamba ziko chini kule. Tiki, halafu kwenye Order weka namba ya mpangilio, mimi Loti naiweka baada ya Description.

7. Panga karatasi. Ukishaongeza visanduku viwili vitatu lazima kuna kimoja kitapanda juu ya kingine. Bonyeza Layout Designer, buruta kila kisanduku mahali pake, ukikibonyeza kinaonyesha mipaka yake. Usiminye safu ya Amount sana kupata nafasi ya Loti, tarakimu za milioni kwa shilingi zetu zinahitaji upana. Maliza, OK mpaka utoke.

8. Jaribu na invoisi moja. Fungua Create Invoices, chagua mteja mwenye VRN, juu kulia kwenye Template chagua ile mpya. VRN inatakiwa ijae yenyewe. Andika gari, weka item, angalia loti, kisha Print Preview. Usiprinti hamsini kabla hujaiona moja.

9. Toa ripoti. Reports, Sales, Sales by Customer Detail. Customize Report, kwenye Display kuna orodha ya Columns, shuka chini utazikuta fildi zako, tiki Njia, Gari na Risiti EFD. Ukitaka Lushoto peke yake nenda Filters, tafuta Njia, andika Lushoto. Ukiipenda bonyeza Memorize uipe jina ili mwezi ujao usianze upya.

Ripoti yenye Risiti EFD ndio ninayoipenda kuliko zote. Ile invoisi ya QuickBooks sio risiti ya EFD, hata uirembeshe vipi, mauzo lazima yapite kwenye mashine au mfumo wa TRA. Sasa ukiwa na tabia ya kuandika namba ya risiti kwenye kila invoisi, jioni unatoa ripoti ya siku, yoyote ambayo kolamu ya Risiti EFD iko tupu unajua mauzo hayo hayajakatiwa risiti, unakamata leoleo kabla ya Z ripoti, ile ya mashine ya kufunga siku, haijatoka, badala ya kuanza kutafuta tarehe 19 wakati ritani ya VAT mwisho ni tarehe 20.

Upande wa manunuzi, soma hapa kabla hujalalamika

Fildi za msambazaji kwenye Pro na Premier zinatokea kwenye Purchase Order, hazitokei kwenye Bill. Utatafuta mpaka uchoke. Kwahiyo TIN na VRN za aliyekuuzia zinakaa kwenye taarifa zake, na unazitoa zote kwa ripoti ya Vendor Contact List ukaiongezea hizo kolamu. Lakini namba ya risiti ya EFD uliyopewa kwenye manunuzi, hiyo inabadilika kila mara, weka kwenye Ref. No. ya Bill. Ina faida ya ziada, programu inaweza kukuonya namba hiyo ikijirudia kwa msambazaji yuleyule, ukiwa umewasha onyo hilo kwenye Preferences upande wa Bills, na hivyo huingizi risiti moja mara mbili.

Makosa yanayoumiza

Kubadilisha jina la fildi iliyokwishatumika. Umejaza Njia miezi sita, leo unaona huihitaji, unarudi Define Fields unafuta "Njia" unaandika "Simu ya dereva" palepale. Umebadilisha kibandiko tu, vilivyomo ndani vimebaki vilevile, sasa wateja wako simu ya dereva wao ni Korogwe. Tumia mstari mpya. Kama lazima uutumie ule, kwanza futa yaliyomo kwa kila mteja, na hata hivyo invoisi za zamani zitabaki na maneno ya zamani.

Kuweka vitu vya watu binafsi visivyohitajika. Nimeona mtu anataka fildi ya namba ya NIDA ya kila mteja wa saruji. Ya nini? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ukikusanya taarifa ya mtu uwe na sababu na uilinde, na faili la QuickBooks linalobebwa kwenye flash kutoka ofisini kwenda nyumbani sio ulinzi. Kama huitumii usiikusanye.

Wateja wa Kenya wanaokuja kupitia Horohoro, usiwaandikie PIN yao ya KRA (namba ya mlipakodi ya Kenya) kwenye fildi ya TIN bila alama. TIN yetu ni tarakimu 9, PIN yao inaanza na herufi na kuishia na herufi, ukiona herufi humo usije ukadhani ni typing imekosewa "ukairekebisha". Waambie na wenzako.

Ukikwama

*Nimetengeneza fildi, kwenye invoisi haipo.* Ama hujaitiki kwenye Header ya templeti, ama umeitiki lakini invoisi uliyofungua inatumia templeti ya zamani. Angalia juu kulia. Karibu kila mara ni hiyo ya pili.

*Kwenye skrini ipo, kwenye karatasi haipo.* Tiki ya Print. Kama ipo, ingia Layout Designer, yawezekana kisanduku kimefunikwa na logo.

*Nimesahihisha VRN ya mteja lakini invoisi zake za nyuma bado zina ile mbaya.* Ndivyo inavyofanya kazi. Invoisi inachukua taarifa siku inayoandikwa na inabaki nayo. Zile unazotaka zibadilike fungua moja moja. Kinyume chake pia, ukibadili VRN ndani ya invoisi, taarifa za mteja hazibadiliki, mzigo ujao itakuja ileile mbaya, kwahiyo rekebisha kwa mteja kwanza.

*Kwenye ripoti sizioni.* Umefungua ripoti ya Summary. Hizo ni za jumla, hazina nafasi ya fildi. Fungua yenye neno Detail.

*Ripoti inaonyesha Njia lakini invoisi za zamani ziko tupu.* Zimeandikwa kabla ya fildi kuwepo. Kama unazihitaji, za mwezi huu tu zijaze kwa mkono, za mwaka jana ziache, na uangalie sana kipindi kilichofungwa, usiguse invoisi ambazo ritani yake imeshakwenda bila kumwambia mhasibu wenu.

*Haikubali kuweka tiki nyingine kwa Cust.* Umefika 7. Hapo tafuta ambayo hakuna anayeijaza, toa ripoti uone kolamu ipi ni tupu tangu juu mpaka chini, hiyo itolee tiki.

*Define Fields haibonyezeki.* Angalia umeingia kwa jina la nani. Mara nyingi karani kaingia kwa yuzi yake isiyo na ruhusa. Kama ni Admin na bado inagoma, hakikisha hakuna kompyuta nyingine iliyoacha dirisha la mteja wazi, funga, fungua tena.

*Nimebandika kutoka Excel, kila mtu ana VRN ya mwenzake.* Kama hujabonyeza Save Changes, funga dirisha bila kuseva, umepona. Kama umeshaseva na hakuna mtu aliyeandika invoisi tangu hapo, rudisha ile bakap ya hatua ya kwanza kwa File, Open or Restore Company, ila ukumbuke chochote kilichoingizwa baada ya bakap kinaondoka nacho. Kama invoisi zimeshaanza kuandikwa usirudishe bakap, panga upya Excel kwa mpangilio wa skrini ubandike juu ya zile mbaya, halafu fungua invoisi zilizoandikwa kuanzia pale ulipobandika urekebishe VRN kwa kila moja, na zile zilizokwishamfikia mteja mpelekee nyingine, maana yuko atakayepeleka karatasi ile kwa mhasibu wake.